Siku Uliyotoka Bila Jaketi

Mpendwa Baba,

Mulembe, salamu za kwetu. Najua utauliza kwanza kama Mama anakula, kwa hivyo nianze hapo: anakula, ila mpaka agombezwe. Nyumba yetu ya mtaa wa Satellite iko vile uliiacha, pamoja na ule mlango wa choo uliosema utaurekebisha tangu niko shule ya upili. Mimi bado niko Kilimani, pale mapokezi kwa daktari wa meno, nawadanganya watu wazima kwamba sindano haiumi. Mdogo wangu Wafula yuko River Road kwenye duka lile la misumari na mabomba, na amenenepa kidogo. Usimwambie nimesema.

Nakuandikia kwa sababu Wafula amesema. Lile jambo alilolimeza tangu akiwa kijana wa miaka kumi na mitano amelitapika mbele yetu sote, tena kwa Kim mwenyewe, rafiki yake wa utotoni. Na Kim amemjibu. Wewe ulikuwa ukiingoja siku hiyo kuliko sisi wote, na umeondoka wiki chache tu kabla haijafika. Nimekasirika, Baba. Sijui nimkasirikie nani, basi acha nikusimulie, na unijue mimi, kufupisha siwezi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi kazini? Watoto wa majirani walikuwa wakiwakimbilia baba zao hapo langoni, wananing'inia shingoni. Sisi hapana. Wewe ulikuwa ukiingia na lile jaketi lako la kahawia, pana kiunoni, na mtaa mzima ulijua jaketi pana la askari kanzu linafunika nini. Mimi na Wafula tulikuwa tukisimama kando ya kochi tumebana mikono, na Mama anatuambia, "Ngojeni. Baba hajafika bado." Na wewe uko hapo hapo, unapita mbele ya pua zetu! Unaingia chumbani, tunasikia kufuli la sanduku la chuma, tunasikia maji ya kunawa, halafu unatoka na ndara na fulana yenye matundu, unafungua mikono. "Haya, sasa nimefika." Hapo ndipo tulipokurukia. Mimi nilikuwa nikidhani kila baba duniani hufika mara mbili.

Siku moja Wafula alikuomba aishike bastola yako mara moja tu, ajue ilivyo. Mama alishtuka, akadhani utamchapa. Ulimkalisha gotini ukamwambia, "Hii siyo siri, ni hatari. Siri watu huichungulia. Hatari watu huikwepa." Ukamwambia risasi ziko mahali pengine, na funguo unalala nazo, kwa hivyo asijisumbue kutafuta. Alinuna mpaka wakati wa chai, kisha akasahau.

Halafu ikaja ile miaka mibaya. Unaijua kuliko mimi, wewe ndiye uliyekuwa ukiitwa. Bunduki zilikuwa zikikodishwa mtaani kama viti vya harusi. Majambazi wakifukuzwa wanatupa kitu kwenye ua wa mtu, na asubuhi anayekiokota ni mtoto aliyetumwa maziwa. Na vijana waliopigwa risasi na polisi walikuwa wakilala chini barabarani wamefunikwa magunia, wengine majambazi kweli, wengine tuliwajua tangu wakivaa nepi. Mchungaji akakujia, akakuomba uwafundishe watoto wa kanisa la kufanya wakiona bunduki, na wewe ukasema hujui kufundisha, unajua kukamata tu. Mama akakwambia, "Hata kukamata ulifundishwa. Nenda."

Ile Jumapili ya kwanza siwezi kuisahau. Uliwafundisha kwa mdomo, wakaitikia "Usiguse!" mpaka mabati yakatetemeka, wazazi wakapiga makofi. Halafu ukawaambia wachukue sweta zao waende nyumbani. Hakuna aliyejua kwamba chini ya zile sweta ulikuwa umeficha bunduki ya mbao uliyochongewa na fundi, ukaipaka rangi nyeusi. Ala! Hata hawakufikiri. Mtoto wa mchungaji, yule aliyeitikia kwa sauti kuliko wote, aliichomoa akamwelekezea dada yake usoni. "Pap! Pap!" Na dada yake, kwa adabu zote, akaanguka akafa. Watoto wakacheka. Mchungaji alishika kichwa.

Wewe hukugomba. Ulimwendea taratibu ukaipokea. Ukawageukia wazazi. "Mdomo umeelewa," ukasema. "Mikono bado."

Kuanzia hapo ukaacha kuhubiri, ukaanza kuwachezesha. Mikono mgongoni, miguu mlangoni, mdomo kwa mkubwa. Kila Jumapili uliificha ile ya mbao mahali papya: nyuma ya ngoma, kwenye kapu la sadaka, siku moja kwenye mkoba wa mke wa mchungaji, na yeye ndiye aliyepiga nduru kuliko watoto. Mtoto akiiona tu, mikono inaruka mgongoni, anarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, anakimbia kukuita. Wafula na Kim, kwa kuwa walikuwa wakubwa, walijifanya mchezo huo ni wa watoto wadogo, lakini uliwachezesha hao pia mpaka wakatoka jasho. Na wazazi hukuwaacha. "Mtoto akiikuta," uliwaambia, "ujue kuna mtu mzima aliyeiacha."

Kisha Shiru, msichana mdogo wa pale kanisani, akauliza lile swali. Alikuwa na meno mawili ya mbele yameng'oka, akanyoosha kidole, akasimama.

"Afande, na kama ni kaka yangu anayo? Nikikwambia, si utaenda umuue?"

Wazazi wakacheka kile kicheko cha aibu. Mama yake akamvuta aketi. Wewe ulibaki umesimama na ile bunduki ya mbao mkononi, ukatazama sakafu, ukamwambia, "Shiru, hilo nitakuletea jibu."

Siku hiyo hukumaliza ugali wako. Nakumbuka Mama akikutania, "Swali la mtoto wa chekechea limekunyima chakula?" Nawe ukamjibu pole pole kwamba mtoto ana haki. Kwamba unawafundisha wamwambie mtu mzima, na huyo mtu mzima ana bunduki kubwa kuliko ya yule wanayemsema. Mama akakusogezea mboga. Nilikupenda sana siku hiyo, Baba, na sikukwambia, kwa sababu kwetu watu hawaambiani mambo hayo mezani.

Ikaja Julai, baridi ile ya kuingia mifupani. Ilikuwa Jumamosi yako ya mapumziko, silaha umeiacha kituoni. Ulikuwa umeketi kizingitini unapiga viatu rangi, mimi naanika nguo. Wafula akaja, akasimama, akaondoka, akarudi. Mimi nikadhani amevunja dirisha la mtu.

"Baba," akasema, "nikikwambia kitu, utakuwa nani? Baba ama afande?"

Uliweka brashi chini. "Ni kitu gani?"

"Sema kwanza."

"Baba."

"Hutamuua?"

Nilikuwa nimeshika shati lako lililolowa, maji yakinitiririkia miguuni, na sikusogea. Wewe ulimtazama mtoto wako, na uso wako sijawahi kuuona vile tena, hata siku ya mwisho. "Wafula," ukasema, "hakuna mtu atakufa. Niambie."

Akakwambia yote. Kwamba Kim alimwita nyumbani kwao kuona sungura waliokuwa wakiwafuga pamoja, akafunua nyasi za banda, na chini ya nyasi kulikuwa na bastola. Kwamba Wafula alirusha mikono mgongoni bila kufikiri, mvulana mkubwa vile, akarudi kinyumenyume mpaka akagonga ua. Kuna jamaa wa mtaani aliyekuwa amempa Kim mfuko amwekee, na mtoto wa watu akauweka kwa sababu alikuwa anaogopa kukataa. Halafu yule jamaa akapigwa risasi huko mjini. Sasa Kim amebaki na kitu ambacho wenzake yule jamaa wakija kukitafuta watamuua, na polisi wakikikuta watamuua. Wafula alikuwa analia kama mtoto mdogo. "Ni beste yangu," alikuwa akisema. "Nimemuuza beste yangu."

Wewe uliinuka ukaingia ndani. Nikajua unakwenda kuvaa. Ulitoka umevaa shati jeupe umelichomekea ndani ya suruali, mshipi unaonekana wote, mbele na nyuma. Jaketi uliliacha kwenye msumari. Mama akapiga kelele, "Na baridi hii, Baba Nekesa? Utakufa na kifua!" Ukamwambia leo unataka watu wakuone kiuno.

Kisha ukaniambia, "Nekesa, twende tutembee. Askari hendi kazini na binti yake."

Tulipita barabara yote ya Satellite hivyo, wewe unatetemeka kwa baridi, umenishika mkono, mimi msichana mkubwa niliyemaliza shule, naona haya. Vijana wa pale kona walikutazama kiunoni mmoja mmoja. Ulikuwa ukiwasalimu kwa majina. Mkono wako ulikuwa baridi lakini umelowa jasho, na hapo ndipo nilipoogopa hasa, kwa maana nilijua hata wewe unaogopa.

Mama Kim alikuwa akikatakata sukuma wiki mlangoni kwake. Alipokuona alisimama na kisu, akajaza mlango wote kwa mwili wake mdogo ule. Hakuuliza umefuata nini. Alisema tu, "Afande, anza na mimi."

Nawe ukavuta kigoda, ukaketi chini kuliko yeye, ukaweka mikono magotini. "Mama Kim, nimekuja kunywa chai. Hata binti yangu huyu hajanywa."

Alikutazama kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa akitafuta jaketi. Kisha akaingia ndani, tukasikia vikombe vikigongana. Ile chai ilikuja imemwagika nusu, ukainywa yote, ukaomba nyingine. Ulimsifia sukuma zake. Mimi nilikuwa karibu kupasuka. Baadaye nilikuuliza mbona ulikawia vile, ukaniambia mtu akiogopa hasikii, lazima kwanza apewe kazi ya kufanya.

Kim akatokea nyuma ya mapazia. Ukamwambia, "Kim, nionyeshe sungura." Hukumwambia nani amesema, na yeye hakuuliza. Pale bandani ulimwambia arudi nyuma, akarudi, mikono mgongoni. Uliitoa wewe mwenyewe, ukageuza mdomo wake chini mbali na sisi, ukatoa risasi, ukavitia kwenye kiondo cha Mama Kim, na juu yake sukuma wiki. Tukaondoka kama watu waliotoka sokoni mpaka kwa mchungaji, na mchungaji akaenda nawe kwa chifu, kwa sababu wakati ule mtu aliweza kusalimisha silaha kupitia kanisa bila kuulizwa jina. Kabla hatujatoka ulimshika Kim kichwa kwa mikono miwili. "Wewe ni mtoto," ulimwambia. "Rudi uwe mtoto." Mama Kim alikaa chini kwenye mboga zake akalia, na mimi nikalia naye, nikidhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Wakubwa wako walitaka jina. Ulisema imepatikana kwenye banda la sungura na sungura hakuandikisha taarifa. Wewe na ulimi wako! Wakakupa uhamisho, mbali huko kaskazini, na kwa miaka ile tulikuwa na baba wa Krismasi na simu. Mama alilia, akawalaani mpaka vizazi vyao. Wewe ulikunja shati zako ukasema hata kaskazini kuna watu. Lakini Jumapili ya mwisho kabla ya kwenda ulisimama mbele ya wale watoto. "Shiru," ukasema, "nilikuwa na deni lako la jibu. Ukiona, uniambie mimi, ama mchungaji, ama mama yako aniambie. Na mimi nitakuja mikono mitupu." Shiru akaitikia kwa kichwa kama mtu mzima, akaketi.

Yule aliyelipa kuliko sisi sote ni Wafula. Wewe uliliona hilo mapema. Kim alipona, akamaliza shule, akafungua duka lake la kunyoa pale stendi ya Satellite. Wafula akawa akimwona upande huu wa barabara, anavukia upande wa pili. Sungura akamwachia wote. Nilimuuliza mbona, akaniambia hawezi kumtazama mtu machoni na amemuuza. Nikamwambia, "Si ulimwokoa?" Akaniambia, "Hiyo ni wewe unasema. Yeye hajasema."

Na uliporudi mgonjwa, umekonda, huwezi hata kushika wembe, nani alikuja kukunyoa? Kim. Kila Jumamosi asubuhi, taulo begani, anabisha, "Mzee, niko hapa." Wewe ulikuwa ukifunga macho na kumwinulia kidevu, na yeye anakupitishia wembe kooni, taratibu, anakusimulia habari za mpira. Wafula akisikia hodi yake alikuwa akitokea mlango wa nyuma. Nilitaka nimshike kwa sikio. Wewe ukanikataza. "Acha. Hayo ni yao. Siku moja mmoja atasema." Ukangoja, na kila Jumamosi ulikuwa ukinitazama kuona kama ni leo. Na hukuiona. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya kukuzika, Baba. Kuzikwa, watu wote huzikwa.

Sasa sikia. Desturi ya kwetu unaijua: matanga yakiisha, wafiwa tunanyolewa. Wazee huko nyumbani walikuwa wameshapanga nani atatunyoa. Mama akakataa katakata. "Aliyemnyoa akiwa hai ndiye atatunyoa," akasema. Baba mdogo akauliza tangu lini Mkikuyu amenyoa matanga ya Wabukusu. Mama akamwambia, "Tangu sasa." Ungekuwapo ungecheka mpaka ukohoe.

Basi Jumamosi iliyopita mchana, hapo uani kwetu, waya umepitishwa dirishani, Kim akaja na mashine yake. Alianza na Mama, kwa heshima, akiokota kila unywele. Mimi nililia nywele zangu kuliko inavyofaa mtu aliyefiwa. Wafula akasema yeye atanyolewa River Road, ana haraka. Mama akamwambia neno moja tu: "Keti."

Akaketi. Taulo shingoni, kichwa kimeinamishwa, mikono ya Kim juu yake, hana pa kukimbilia. Mashine ilikuwa imefika katikati aliposema, "Kim."

"Kaa wima, nitakukata."

"Kim, ni mimi nilimwambia Baba. Ile kitu ya kwa sungura. Ni mimi nilikuuza."

Kim akazima mashine. Wafula alikuwa amenyolewa upande mmoja tu, na hakuna aliyecheka. Mama aliacha kufagia nywele. Nilisikia redio ya jirani ikisoma matokeo ya mpira, nikaomba Mungu Kim asitupe mashine chini akaondoka.

"Wafula," Kim akasema, "miaka hii yote umekuwa ukinihepa kwa sababu ya hiyo?"

Wafula alijifuta uso kwa taulo.

"Nikuulize. Ile kitu nilimwonyesha nani mwingine?"

"Sijui."

"Hakuna. Hii Satellite nilikuwa na mabeste tele. Nikawaacha wote nikaita mtoto wa afande, yule mzee aliyekuwa akitufundisha kanisani. Unadhani nilikuwa naringa? Nilikuwa nashindwa kumwambia mwenyewe, mdomo ulikuwa unakataa." Akapangusa nywele kwenye mashine, akaanza tena. "Nilikuonyesha wewe ndiyo umwambie."

Wafula aliinama akalia kwa sauti, nusu ya kichwa na nywele, nusu bila. Kim alimwacha alie. Kisha akamshika kidevu, akamnyoosha, akawasha mashine, akamaliza upande wa pili.

Siku ile tulipopita barabarani, wewe na baridi yako, nilidhani tunamfuata mtoto aliyejificha. Kumbe ni yeye aliyekuwa amekutumia mtu, akakaa kwao akisubiri uje.

Habari yako ndiyo hiyo, Baba. Pumzika nayo.

Binti yako,
Nekesa